Mzee yupi umchague katika tanzia za Kigiriki: Oedipus, Pheres, Amphitryon au Cadmus?

Kikundi chenu cha maigizo kina muda wa kuandaa tanzia moja tu ya Ugiriki ya kale, au wewe mwenyewe unataka kusoma moja tu, na ungependa ile ambayo mzee ndiye anayebeba mzigo wa mchezo. Basi una wengi wa kuchagua. Tanzia zilizotufikia zikiwa kamili ni thelathini na ushei, kazi za Aeschylus, Sophocles na Euripides, na nyingi kati yake zina mzee wa kiume jukwaani. Ama ni baba wa mfalme, ama mtumwa aliyemlea bwana wake tangu utotoni, ama mwaguzi kipofu anayeshikwa mkono na mtoto, ama kwaya nzima ya wazee wenye mikongojo. Hapa nitawalinganisha wanne kwa kina, wawili wawili, kisha niwapitie wengine kwa haraka.

Sisi tumelelewa na methali kwamba penye wazee haliharibiki neno. Waandishi wa Athens walianzia mahali pengine kabisa: wazee wapo, wanaona, na neno linaharibika mbele yao. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Agamemnon ya Aeschylus, iliyooneshwa mwaka 458 KK. Wazee wa Argos wanamsikia mfalme wao akipiga yowe ndani ya nyumba, anauawa. Badala ya kuvunja mlango wanaanza kushauriana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mistari miwili. Tuite watu? Tuingie sasa hivi tuwakute na damu mkononi? Tuna hakika gani kwamba amekufa? Wanapomaliza kushauriana maiti inaonekana, na muuaji amesimama juu yake akijisifu. Wapo wanaoicheka sehemu hii. Mimi sioni cha kuchekesha, kwa sababu wazee hawa wameshatueleza mwanzoni wao ni nani: jeshi lilipokwenda Troy miaka kumi iliyopita waliachwa nyumbani kwa kuwa miili yao haikufaa tena vita, na sasa wanatembea kwa miguu mitatu, wa tatu ukiwa ni fimbo.

Hapo ndipo penye kipimo nitakachotumia. Raia wa kiume wa Athens aliweza kuitwa jeshini mpaka umri wa miaka 59. Kuanzia 60 hakuitwa tena. Kwa watazamaji waliokuwa wamekaa chini ya kilima cha Akropoli, mzee alikuwa mtu aliyemaliza kazi ya mkono na kubakiwa na ulimi. Kwa hiyo ukitaka kujua mzee wa tanzia fulani ana uzito gani, usiulize ana busara kiasi gani. Uliza anautumia ulimi wake kufanya nini pale ambapo mkono hauwezi tena.

Mababa wawili wanaosema hapana

Oedipus katika Colonus ni kazi ya mwisho ya Sophocles. Alifariki akiwa na umri wa karibu miaka 90, na mjukuu wake, naye aliitwa Sophocles, ndiye aliyeipeleka jukwaani mwaka 401 KK. Colonus ni kitongoji cha nje kidogo ya Athens alikozaliwa mwandishi mwenyewe, kwa hiyo hapa tuna shaibu anayeandika habari za shaibu, tena kwao. Waandishi wa baadaye, Cicero akiwemo, walisimulia kwamba wanawe walimshtaki mahakamani kwa madai kuwa amepotewa na akili na hafai tena kusimamia mali. Naye akawasomea mahakimu sehemu ya tamthilia hii, akawauliza kama hiyo ni kazi ya mtu aliyepungukiwa na akili. Wakamwachia. Ukishakijua kisa hicho, kila neno ambalo Oedipus anamwambia mwanawe linakuwa zito maradufu.

Oedipus, aliyewahi kuwa mfalme wa Thebes na ambaye bila kujua alimuua baba yake na kumwoa mama yake, anaingia akiwa kipofu, matambara mwilini, ameshikwa mkono na binti yake Antigone. Anaketi juu ya jiwe katika kichaka kitakatifu ambacho wenyeji hawathubutu hata kukikanyaga. Wazee wa kijiji wanakuja kumwondoa, na wanaposikia jina lake wanataka atoke nchini mwao kabisa. Yeye haondoki. Anawajibu kwamba mambo aliyoyatenda yalimpata zaidi kuliko alivyoyatenda, na kwamba mwili wake utakuwa kinga ya nchi itakayomzika. Fukara asiyeona, na bado anazungumza kama mtu mwenye kitu cha kutoa.

Kisha anakuja mwanawe wa kiume, Polyneices, ambaye hakumzuia alipofukuzwa Thebes. Kijana anaingia akilia. Anamwona baba yake: nguo zilizogandamana na uchafu wa miaka, nywele timutimu zinazopeperuka juu ya uso usio na macho, mkoba wa chakula cha kuombaomba. Anakiri kosa lake. Anaomba msamaha. Oedipus kimya. Anamsihi amjibu japo neno moja. Kimya. Anawageukia dada zake. Antigone anamwambia aendelee kusema, huenda maneno yakamgusa. Basi anatoa hotuba nzima, anataja makamanda sita waliojiunga naye kwenda kuuzingira mji wa Thebes, anaeleza kwamba upande atakaosimama baba ndio utakaoshinda. Mzee amekaa tu. Hatimaye anafungua kinywa, na jambo la kwanza analosema ni kwamba anajibu kwa kuwa Theseus, mfalme wa Athens, ndiye aliyemwomba. Vinginevyo kijana huyu asingeisikia sauti yake. Halafu laana: hutauteka mji ule, utakufa kwa mkono wa ndugu yako, na wewe utamuua yeye.

Ukimya huo ndio mtihani wa mwigizaji. Si dakika moja, ni onyesho karibu zima la kukaa na kusikiliza bila uso kubadilika. Anayeweza kuubeba, basi Oedipus ni wake.

Sasa mweke Pheres pembeni yake. Yumo katika Alcestis ya Euripides, iliyooneshwa mwaka 438 KK na kupata nafasi ya pili nyuma ya Sophocles. Mwanawe, Mfalme Admetus, amepewa nafasi ya kukwepa kifo chake iwapo atapatikana mtu wa kufa badala yake. Aliwaomba baba na mama yake, wote wazee, wakakataa. Mkewe, Alcestis, akakubali, na sasa amelala maiti. Pheres anakuja msibani akiwa na mapambo ya kumzikia mkwewe, na Admetus anamfukuza mbele ya watu. Anamwambia hakumwalika. Anamwambia atafute watoto wengine wa kumlisha uzeeni na kumzika, kwa sababu yeye hatafanya hivyo. Anamwambia wazee hulalamikia uzee na kujidai wanaomba kufa, lakini kifo kikipiga hodi hakuna anayetaka kwenda.

Mwandishi wa kawaida angemnyamazisha mzee hapo kwa aibu. Euripides anampa jibu. Nilikuzaa na kukulea uwe bwana wa nyumba hii, anasema Pheres, lakini sina deni la kufa kwa ajili yako. Sikurithi desturi hiyo kwa baba zangu, wala si ya Wagiriki, baba afe badala ya mwana. Wewe unafurahia kuuona mwanga wa jua: unadhani baba yako haufurahii? Muda wa kukaa kuzimu ni mrefu, maisha ni mafupi lakini matamu. Kisha anampiga pale penye donda: umegundua njia ya kutokufa kabisa, kila mara umshawishi mke uliye naye afe badala yako. Mwoga ni nani hapa?

Hakuna laana, hakuna radi, hakuna mungu. Ni mzee aliyesimama kando ya maiti ya mkaza mwana wake akitetea haki ya kuendelea kuishi, na ubaya wake ni kwamba ana hoja. Unamchukia, halafu unarudi kumtafutia kosa katika maneno yake na hulipati kirahisi.

Wote wawili wanagusa jambo ambalo Athens ililichukulia kwa uzito. Kulikuwa na sheria, iliyohusishwa na Solon, iliyomtaka mwana awalishe wazazi wake, awape makazi na awazike. Asiyefanya hivyo aliweza kupoteza haki zake za uraia. Kwa hiyo Polyneices, aliyemwacha baba yake aombe chakula njiani, anaingia jukwaani akiwa tayari ni mkosaji mbele ya watazamaji. Admetus naye anatangaza hadharani kwamba atakuwa mkosaji wa aina hiyo hiyo, tena anadhani anasema jambo la heshima. Oedipus ana sheria upande wake na anaitumia bila huruma. Pheres ana sheria upande wake na bado anaondoka msibani akiwa amevuliwa nguo kwa maneno. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kuwasoma wawili hawa mfululizo kuwe na faida kuliko kumsoma mmoja peke yake.

Kwa uchaguzi: Oedipus ni wa msomaji mwenye subira. Mistari yake ni 1,779, hakuna tanzia ya Kigiriki iliyobaki iliyo ndefu zaidi, na katikati kuna utekaji nyara wa mabinti na majibizano na Creon, shemeji yake aliyetoka Thebes, ambayo kwa maoni yangu yanachosha kidogo. Lakini mwisho wake unalipa kila kitu. Radi inapiga, na kipofu aliyeingia akiongozwa anainuka na kuwaongoza wenye macho, bila kushikwa na mtu, mpaka mahali atakapotoweka akionwa na Theseus peke yake. Pheres ni wa kikundi chenye waigizaji wawili na jioni moja. Onyesho lake halifiki mistari 130, linasimama lenyewe bila kuhitaji mchezo mzima, na watu hawatoki ukumbini kimyakimya baada yake. Nimeona vijana na watu wazima wakibishana juu ya Pheres hadi taa zikazimwa. Kama lengo lenu ni mjadala baada ya onyesho, msiende mbali zaidi ya hapo.

Wazee wawili wanaomzindua mtoto

Wakati Oedipus na Pheres wanaufunga mlango, hawa wawili wanafanya kazi ngumu kuliko ya kulaani. Heracles na Bacchae zote ni za Euripides, zote zinatokea Thebes, na zote zina onyesho ambalo ni kana kwamba mwandishi aliliandika, halikumtoka moyoni, akarudi kuliandika tena baada ya miaka kama kumi. Mungu amempandisha mtu wazimu. Katika wazimu huo mtu ameua damu yake mwenyewe: Heracles ameua mkewe na wanawe watatu, Agave amemrarua mwanawe Pentheus kwa mikono yake. Anazinduka bila kujua. Lazima mtu amwambie. Aliyepo ni mzee tu.

Cadmus, baba yake Agave, anatangulia kuonekana mwanzoni mwa Bacchae katika hali ya kushangaza. Yeye na Teiresias, mwaguzi kipofu, wamevaa ngozi za paa na kushika fimbo za mungu mgeni Dionysus, wanataka kwenda mlimani kucheza. Cadmus anauliza kama wapande gari la farasi. Teiresias anakataa, mungu hataheshimika hivyo. Pentheus, mjukuu wa Cadmus, anawacheka. Cadmus anamshauri hivi: hata kama huyu si mungu kweli, wewe sema ni mungu, uwongo huo ni heshima kwa ukoo wetu. Si ushauri wa mcha Mungu wala wa mtu jasiri. Ni wa babu anayetaka nyumba yake isitiriwe.

Halafu anatoweka kwa sehemu kubwa ya mchezo, na anaporudi anakuja na vipande vya mwili wa mjukuu alivyovikusanya mlimani. Agave naye ameingia, kichwa cha mwanawe mkononi, anadhani ni cha mtoto wa simba, anataka baba amsifu kwa uwindaji. Angalia mzee anavyofanya. Hamwambii. Anaanzia mbali: kwanza, tazama juu mbinguni. Natazama; kwa nini? Unaona mbingu ni ile ile au imebadilika? Inang'aa zaidi kuliko mwanzo. Na ile hali ya kupaa ingali moyoni mwako? Sijui unamaanisha nini, lakini kama akili inanirudia. Uliolewa katika nyumba gani? Ya Echion. Ulimzalia mtoto gani? Pentheus. Basi unacho kichwa cha nani mkononi? Cha simba, anasema, ndivyo walivyosema wawindaji wenzangu. Tazama vizuri, si kazi kubwa kutazama.

Cadmus anauliza mpaka binti analitaja jina mwenyewe. Hatua kwa hatua: mbingu, ndoa, mtoto, mkono. Sijui onyesho jingine la zamani linalojua namna hii jinsi ya kumrudisha mtu kwenye akili zake, na ninashauri kila mwigizaji alisome hata kama hatacheza tanzia maishani mwake.

Na baadaye, anapomlilia mjukuu, Cadmus hasemi habari za ufalme. Anakumbuka kwamba kijana huyo, aliyewatisha wote mjini, alikuwa na desturi ya kukishika kidevu chake, kumkumbatia na kumwuliza: babu, nani amekukosea? Niambie nimwadhibu.

Sasa Amphitryon. Heracles iliandikwa karibu mwaka 416 KK. Amphitryon ndiye anayefungua mchezo: ameketi kwenye madhabahu ya Zeus pamoja na mke na watoto wa Heracles, wakisubiri kuuawa na Lycus aliyepora ufalme, kwa kuwa Heracles yuko kuzimu na inasemekana hatarudi. Kuna jambo linalomtofautisha na wazee wengine wote niliowataja. Inajulikana kwamba baba mzazi wa Heracles ni Zeus. Amphitryon ni mlezi tu. Na katika saa hiyo mbaya anamwambia Zeus waziwazi: mimi binadamu nimekushinda wewe mungu mkubwa kwa wema, kwa sababu sikuwatupa watoto wa Heracles. Hana upanga wala jeshi, ana wajibu aliojitwika mwenyewe.

Heracles anarudi, anamuua Lycus, na kwa kitambo kifupi unadhani mchezo umeisha kwa heri. Kabla Lycus hajauawa, kwaya ya wazee wa Thebes inaimba wimbo ambao ningewashauri msiuruke: ujana ni kitu ninachokipenda siku zote, lakini uzee unanilemea kichwani kuliko miamba ya mlima Etna; kama miungu ingekuwa na akili, watu wema wangepewa ujana mara ya pili. Wanaimba hivyo, na baada ya muda mfupi Wazimu mwenyewe anatua juu ya paa la nyumba.

Tunapomwona tena Amphitryon, Heracles amelala, amefungwa kamba kwenye nguzo, maiti zimemzunguka. Mzee naye aliponea chupuchupu: Athena ndiye aliyemwangusha Heracles kwa jiwe kifuani kabla hajamfikia. Anawanyamazisha wazee wenzake, wasilie kwa sauti, asije akaamka akaua tena. Anaogopa. Kisha Heracles anaamka, haelewi, anawaza kama amerudi kuzimu, anaita. Na Amphitryon anawauliza wazee: nisogee? Mmoja anamjibu: nami nitakuwa pamoja nawe.

Hapo tofauti na Cadmus inaonekana wazi. Cadmus anauliza, binti anajibu. Hapa mgonjwa ndiye anayeuliza. Baba, mbona unalia na kusimama mbali na mwanao? Kwa nini nimefungwa? Nani aliwaua hawa? Mzee hana nafasi ya kupanga hatua zake. Anavutwa na maswali kuelekea mahali asipotaka kufika, huku akiwa karibu na mtu anayeweza kumvunja shingo kwa mkono mmoja. Kabla ya yote anamfungua kamba, tena hajawa na hakika kamili. Na linapokuja swali la nani aliyeua, anajibu: wewe, na upinde wako, na mungu yeyote aliyehusika. Katika sentensi hiyo moja hakumficha ukweli na hakumwachia mzigo wote. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nasimama hapo.

Baadaye Heracles anataka kujiua, mzee anamwangukia magoti. Rafiki yake Theseus, aliyefika kusaidia dhidi ya Lycus, anamshawishi aende naye Athens. Na Heracles anamwambia Amphitryon neno alilostahili kulisikia tangu mwanzo: wewe nakuhesabu kuwa baba yangu kuliko Zeus. Sheria haimruhusu muuaji kuwazika aliowaua, kwa hiyo kazi ya kuwazika wajukuu inamwangukia babu. Anauliza: na mimi, mwanangu, nani atanizika? Mimi, anasema Heracles. Lini? Ukishawazika watoto.

Nikilazimishwa kumchagua mmoja kati ya wote, ni Amphitryon, na najua naenda kinyume na wengi, maana Bacchae ndiyo yenye jina na ndiyo iliyopata zawadi ya kwanza ilipooneshwa baada ya Euripides kufariki. Onyesho la Cadmus na Agave limesukwa vizuri zaidi kuliko la Amphitryon na Heracles, hilo sibishi. Lakini Cadmus yumo mwanzoni na mwishoni tu. Amphitryon tunamwona akitumaini wakati mkwewe amekata tamaa, akibishana na jeuri, akimshtaki mungu, akishangilia, akitetemeka, akifungua kamba, akibaki nyuma na maiti. Ni mzee mzima, kutoka kona zote. Tena Bacchae ina tatizo la kawaida kabisa: sehemu ya mwisho imepotea katika hati za kale, hasa maombolezo ya Agave, na kila mtafsiri anaziba pengo kwa namna yake. Mkiichagua, linganisheni tafsiri mbili au tatu kabla ya kuamua, la sivyo mtafika siku ya mazoezi mkakuta nakala zenu hazifanani.

Wole Soyinka naye aliiandika upya Bacchae kwa ajili ya kampuni ya National Theatre ya London mwaka 1973, na kwake Teiresias anajitoa achapwe viboko badala ya watumwa katika ibada ya kuusafisha mji. Anayetaka mzee mwenye mwili, anayeumia mbele ya watu na si kunena mafumbo tu, atampata hapo.

Wengine, kwa haraka

Iolaus na Peleus hulinganishwa mara nyingi kwa kuwa wote ni wazee wanaotaka bado kupigana. Katika Watoto wa Heracles, Iolaus anachukua silaha zilizotundikwa hekaluni kama nadhiri, mtumishi anambebea, na anauliza kama itabidi amwongoze askari huyu kama mtoto mdogo. Kisha mjumbe anakuja kusimulia kwamba uwanjani aliomba arudishiwe ujana kwa siku moja tu, nyota mbili zikatua juu ya nira ya farasi wake, akawa kijana, akamkamata adui. Ni kisa kizuri cha kusikiliza, lakini badiliko lenyewe hulioni jukwaani. Peleus, katika Andromache, haombi muujiza. Anakuja na fimbo yake, anamkabili Menelaus mfalme wa Sparta, anamrudisha nyuma kwa maneno matupu, halafu anazifungua mwenyewe kamba zilizomfunga Andromache mikononi. Kwa jukwaa, Peleus anamshinda Iolaus bila shaka yoyote.

Teiresias msimchague kama mhusika mkuu. Yumo katika tanzia nne zilizobaki, anajua kila kitu, na mtu anayejua kila kitu hana pa kwenda. Mpeni mwigizaji mwenye sauti nzuri na muda mfupi wa mazoezi.

Watumwa wazee ni hazina iliyosahaulika. Katika Electra ya Euripides kuna mmoja anayepanda kilima kwa shida akileta mwanakondoo, jibini na divai kwa binti wa bwana wake wa zamani, na ndiye anayemtambua Orestes, kaka wa binti huyo, kwa kovu la karibu na nyusi. Katika Ion kuna mwingine aliye kinyume chake: mapenzi yake kwa nyumba aliyoitumikia yanamfanya apendekeze mauaji na kuibeba sumu mwenyewe. Anayetaka sehemu ndogo yenye moto, amchukue huyu wa Ion.

Neno moja kwa vijana watakaowacheza wazee hawa. Pollux, mwandishi wa karne ya 2 BK, ameorodhesha vinyago 28 vya tanzia, na sita kati yake ni vya wanaume wazee: mzee kuliko wote ana nywele nyeupe na kidevu kilichonyolewa, mwingine ana mvi zilizochanganyika, mwingine bado ni mweusi wa nywele. Wagiriki hawakuwaona wazee wote kuwa ni mtu mmoja, basi nanyi msiwavike wote ndevu za pamba na sauti ya kutetemeka. Pheres asimame wima. Oedipus aketi imara kuliko kila mtu jukwaani. Na mkimchukua Amphitryon, wapeni nafasi ya kwaya wazee wa kweli wawili au watatu wa mtaani, hata kama hawajawahi kuigiza. Mistari yao si mingi, na lile swali la kama asogee linahitaji mtu wa rika lake wa kulijibu.